Jeneza Lenye Bawaba

Katika miaka yangu yote ya useremala nimepima maiti wengi, na mtu aliye hai mmoja tu. Ninyi mliobaki karakanani mmesikia habari hiyo vipande vipande, na wengine mmeongeza vya kwenu. Kuna anayesema maiti alisimama barabarani akaomba maji. Hakuomba maji. Sasa nimekabidhi randa na patasi, mikono haina kazi, basi naandika mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Shule yangu iliishia darasa la tano kwa mapadri, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Niliingia karakana ya kampuni ya shaba nikiwa kijana niliyetoka Kilwa, ile ya ziwani si ya pwani, ninajua kuchonga kasia na kuziba mtumbwi, basi. Mkubwa wa upande wetu alikuwa Mzee Kasongo, mtu mfupi aliyeweka penseli nyuma ya sikio hata kanisani. Karakana ilitengeneza milango, madawati ya shule, mipini ya sururu, na kwenye kona ya nyuma, karibu na sufuria ya gundi, majeneza ya wafanyakazi na watu wa nyumba zao. Nilidhani nitaanzia kwenye mipini. Asubuhi hiyohiyo Mzee Kasongo alinipa kamba ya katani akasema:

“Twende ku hospitali. Kuko muntu wa kupima.”

Nikafikiri tunakwenda kupima mlango, na muntu ndiye atakayetuonyesha mlango wenyewe. Alipofunua shuka nilishtuka hata nikamwamkia maiti. Nilimwambia, “Jambo, baba.” Mzee Kasongo hakucheka. Alifunga fundo moja la kamba penye kichwa, jingine penye kisigino, akapima mabega, kisha akasema, “Muzuri. Usiache kubasalimia.” Sikuacha mpaka leo.

Alinifundisha mambo ambayo ninyi pia mnayafanya, ingawa wengine hamjui yalitoka kwa nani. Kamba iliyopima maiti haipimi tena meza. Inawekwa ndani ya jeneza, chini ya miguu. Maranda ya jeneza hayapikii. Yanarudi ndani, pembeni mwa mwili, ili mtu asitikisike njiani. Urefu unaongeza vidole vinne, upana viwili. Na mtu aliye hai hapimwi kamwe, hata kwa macho.

“Hata kwa macho, mzee?”

“Zaidi kwa macho.”

Hilo lilinitesa kuliko mengine, maana mkono wa seremala unaweza kuwekwa mfukoni lakini jicho haliwekwi. Kwa miaka mingi nilizungumza na watu huku natazama viatu vyao, wakadhani nina haya. Mzee Kasongo alipenda pia kusema kwamba jeneza ni mlango usio na bawaba, na anayelielewa hilo anabakiwa na kujifunza randa na subira tu. Nililielewa. Ndiyo maana yaliyofuata yalinipiga kama ubao usoni.

Lazima niwaambie sasa habari za Kalenga. Alikuwa fundi wa matanuru, pale wanapoyeyusha shaba, na alikaa Katuba, njia ya pili kutoka kwangu. Yeye ni wa ukoo wa Mbuzi, mimi ni wa ukoo wa Chui. Kwetu, chui na mbuzi ni watani, kwa kuwa mmoja humla mwenzake, tunaitana munungwe. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako nawe huruhusiwi kununa. Na siku unapokufa, yeye ndiye mwenye kazi. Anavaa nguo zako, anatembea mwendo wako, anasema mabaya yako yote kwa sauti, anaketi juu ya jeneza lako na kukataa lisiondoke mpaka abembelezwe kwa kuku. Watu wanacheka wakiwa na machozi mashavuni, na hapo ndipo marehemu anaweza kwenda. Asiyechekwa na mtani wake, wazee walisema, hubaki mlangoni.

Kalenga alikuwa hodari wa kazi hiyo. Mama yangu alipofariki nilikaa siku nzima ukutani sijatoa neno wala chozi. Jeneza lake nilitengeneza mwenyewe. Ndipo Kalenga akatoka ndani amevaa kitenge cha mama, amejifunga kitambaa chake cha kichwa, anatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto kama yeye. Alikwenda kwa jirani mmoja mmoja akiomba chumvi, halafu kila akipewa akaonja na kusema chumvi ya nyumba hii ni ya wavivu. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa, kabisa. Nilishtuka. Kilio kizima kiliangua kicheko, nami nikalia kama watu.

Tangu siku hiyo nilijua kuna siku yangu inakuja. Kalenga akitangulia, mimi ndiye nitakayepaswa kumcheka. Nami siwezi kuchekesha hata mtoto. Kwenye vilio vya Mbuzi wengine niliketi juu ya jeneza kama desturi inavyotaka, na nikakaa kimya pale juu mpaka watu wakaniletea kuku kwa kuchoka. Kalenga alinisema mbele ya wote:

“Huyu Chui gani? Nikikufa atanililia kama katekista.”

Ulikuwa ni mwaka mvua zilipochelewa aliponijia karakanani, mchana, kofia mkononi. Nilikuwa napiga randa ubao wa mulombwa. Alisimama akatazama maranda yanavyoviringika, kisha akasema:

“Munungwe, unipime.”

“Nikupime nini?”

“Sanduku.”

“Baba Chola, muntu muzima hapimwe.” Chola ni binti yake wa kwanza.

“Mi siko muzima. Munganga wa hospitali amesema. Kifua imekwisha. Asema pengine mvua moja, mbili hapana.”

Nilimwambia aende nyumbani akapumzike.

“Nyumbani kuko muke wangu, yeye analia. Huku kuko mbao. Mbao hazilie.”

Alisema haombi jeneza la kuzikwa. Anaomba la kuchezea. Sikuelewa, na aliponieleza nikakaa juu ya benchi.

Katuba kulikuwa na mpiga picha mmoja mtu wa Kasai, jina lake Tshibangu. Siku hizo tulitakiwa kuitana sitwayen, yaani raia, kwa hiyo Sitwayen Tshibangu. Maharusi walikwenda kwake kupigwa picha mbele ya pazia lililochorwa ndege ya uwanja wa Luano, miguu ya ngazi yake imechorwa vibaya. Huyu alikuwa amenunua kamera ya sinema kwa mwalimu Mzungu aliyerudi kwao, kamera ya kukazwa kwa ufunguo kama saa. Ukiikaza inakimbia muda wa kusema Baba Yetu, ukisema haraka, halafu inasimama. Tshibangu na Kalenga walikuwa wameamua kutengeneza sinema. Haikuwa ya serikali, wala ya kampuni, wala ya mapadri. Ilikuwa yao.

“Inahusu nini?” niliuliza.

“Mi,” alisema Kalenga. “Nimekufa.”

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu amekufa, watu wamekusanyika kwenye kilio chake, na kila anayesimama kumsifu anasema uongo. Kila mara marehemu akisikia uongo anafungua jeneza, anaketi, anasahihisha, anarudi kulala. Mara ya kwanza watu wanatoroka. Mara ya tatu wamezoea. Mwishowe wanamwuliza mambo yao: nani alichukua baiskeli, mke wa fulani anakwenda wapi siku ya soko. Wakati wa jua kuzama wamechoka naye, wanamzika mbiombio. Na juu ya jeneza anaketi mtani wake na kumtukana.

Nilimwuliza kichekesho kiko wapi.

“Munungwe,” alisema, “juu ya wewe tu ningeweza kufa bila huzuni.”

Nilikwenda kwa Mzee Kasongo, ambaye alikuwa amestaafu, kuuliza kama inawezekana. Alisema haiwezekani. Nilikwenda kwa mke wa Kalenga, Mama Chola, nikitumaini naye atasema haiwezekani, ili nimrudishie jibu hilo. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

“Kifo haiitwe na jina,” alisema. “Nimemwambia. Hasikie. Mucheze muchezo yenu. Mukimaliza, mi ndiyo nitabaki nayo.”

Basi nikampima. Nilimpima amesimama, karakanani, mikono yake ubavuni. Yeye alikuwa anaimba. Nilipofika kwenye kisigino, mazoea yalinishinda, nikasema, “Jambo, baba,” naye akajibu, “Jambo, mwanangu,” na wenzangu wote wa karakana wakaweka misumeno chini wakatoka nje.

Jeneza la sinema lilitaka kufunguka kwa mtu wa ndani. Niliweka bawaba mbili za shaba za kabati, upande wa kushoto, na kwa ndani komeo dogo la mti, la mviringo, linalogeuzwa kwa kidole. Bawaba nilizipaka mafuta ya mawese zisilie. Mzee Kasongo alisikia akaja kutazama. Aligusa bawaba moja, akafungua kifuniko, akakifunga.

“Hii ni kabati,” alisema, akaenda zake. Kwa muda mrefu hakuitika nikimwamkia.

Katibu wa chama wa mtaa alikuja pia. Hakuna kitu kilichoweza kukusanya watu bila yeye kujua. Aliuliza kama marehemu ni mwanachama.

“Sitwayen katibu,” alisema Tshibangu, “si chama inasema kila muntu iko memba toka mu tumbo ya mama?”

“Ndiyo.”

“Haijasema anatoka siku gani.”

Katibu alifikiri sana, akasema basi marehemu avae abakosti, lile koti la siku hizo lisilo na tai, na beji yenye picha ya mkuu wa nchi kifuani. Ndiyo maana kwenye sinema Kalenga amelala na beji. Alisema hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha kuliko zote, lakini alinisemea sikioni.

Walicheza uani kwa Kalenga, siku za Jumapili baada ya misa. Wanawake walioombwa kuja kulia kwa mchezo walianza kwa mchezo, halafu mmoja akamkumbuka mtoto wake, na wote wakalia kweli kila mmoja na wake. Kalenga alisema kutoka jenezani, “Mulie pole pole, bamama. Sisikie uongo wa muntu.” Mshonaji mmoja jirani yake alisimama kumsifu, akasema marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Kifuniko kikafunguka.

“Uongo. Tulipigana na wewe juu ya kuku.”

“Kuku alikuwa wangu,” alisema mshonaji, ambaye hakutakiwa kujibu.

“Alikuwa wako asubuhi.”

Watu walicheka hata Tshibangu akatikisa kamera. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika chupa ya mafuta ya bawaba, na kila kifuniko kilipofunguka moyo wangu uliruka, ingawa nilijua nani yuko ndani na komeo nimelichonga mwenyewe. Wengine wanasema mtu huzoea. Sikuzoea. Kisha Kalenga alikohoa, na wote tukangoja. Kikohozi hakimo katika sinema. Kamera ikisimama, Mama Chola alitoka jikoni na kikombe cha maji, akampa, akangoja amalize, akarudi jikoni. Hakutazama jeneza hata mara moja.

Kamera ile ilipiga picha bila sauti. Hilo halikumsumbua Kalenga. Alisema siku ya kuonyesha atasimama kando ya kitambaa na kusema maneno yake mwenyewe, mdomo kwa mdomo na picha. Kila jioni alifanya mazoezi nyumbani, anaukabili ukuta, anasema maneno ya wote. Mimi nikipita njiani nilimsikia.

Ilibaki sehemu ya mwisho, ya mtani. Nilivaa koti la Kalenga, nikaketi juu ya kifuniko. Tshibangu akakaza kamera. Ikaanza kulia tiri tiri tiri. Watu walinitazama. Nilifungua mdomo, nikamwona Mama Chola amesimama jikoni, nikafunga mdomo. Kamera ikasimama. Tshibangu akakaza tena. Mara ya tatu nilisikia sauti ya Kalenga chini yangu, ndani ya ubao, karibu sana na nyonga yangu:

“Chui. Sema.”

Sikuweza. Nilishuka. Yeye alifungua, akaketi, akanitazama, na nilitegemea atanitukana. Badala yake aliniwekea mkono begani.

“Haizuru,” alisema. “Tutangojea ya kweli.”

Nadhani uso wangu ulibadilika, maana alicheka mpaka akakohoa tena.

Mikanda ilipaswa kusafishwa Ulaya. Padri mmoja mzee alikuwa anakwenda likizo kwao, akakubali kuibeba. Tulimsindikiza Luano watatu, Tshibangu, Kalenga na mimi. Mtu wa forodha alishika kopo la bati.

“Ndani kuko nini?”

“Kifo,” alisema Tshibangu, ambaye alikuwa amechoka.

“Kifo ya nani?”

Kalenga akainua mkono. “Yangu, shefu.”

Yule mtu alipima kopo mkononi, akalitikisa karibu na sikio. “Iko nyepesi,” alisema, akaliacha lipite.

Kalenga alifariki kabla ya padri kurudi. Aliyeniita ni Mama Chola mwenyewe. Nilikwenda na kamba mpya, nikasema, “Jambo, Baba Chola,” nikangoja kidogo. Mnisamehe, nilingoja. Nilikuwa nimezoea kuona anafungua macho.

Kamba ya kwanza nilikuwa nimeiweka ndani ya lile jeneza, chini ya miguu, kwa mazoea. Nililinganisha mafundo. Urefu ulikuwa uleule. Upana wa mabega ulikuwa umepungua kama kiganja kizima, na kifua hakikuwepo. Nilimwambia Mama Chola nitatengeneza jingine, la kiasi chake.

“Hapana. Alisema hii.”

“Mama Chola, ni kubwa. Tena ni ya kufunguka. Basi niipigilie misumari.”

“Alisema hakuna musumari.”

“Komeo iko ndani, mama.”

“Ndani ndiyo anataka.”

Nilimtazama. Hakuwa analia. Alikuwa amesimama kama mtu aliyebeba ndoo kichwani na njia bado ni ndefu. Nilijaza maranda pande zote, nikayashindilia kwa shuka, nikafunga kifuniko na kuligeuza komeo kwa ncha ya patasi kupitia ufa. Ninyi mnajua kwamba maranda humshika mtu mnene vizuri. Mtu aliyekonda huyasukuma akapita. Mimi pia nilijua. Tshibangu alimwuliza Mama Chola kama anaweza kuja na kamera.

“Na nikikatala?”

“Sitapiga, mama.”

“Piga, basi.”

Walimbeba begani wenzake wa matanuru. Mbele ya nyumba za mwisho, kabla ya njia ya makaburini, kuna mfereji ambao mvua huchimba upya kila mwaka. Wa mbele walishuka mferejini, wa nyuma wakabaki juu. Nilikuwa natembea kando, na nikasikia mwili unateleza ndani ya ubao, polepole, kisha kishindo kidogo, tok. Nilikitambua. Ni sauti ya komeo la mulombwa likigeuka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anaijua sauti ile, isipokuwa yeye.

Kifuniko kilifunguka. Bawaba hazikulia hata kidogo.

Wote waliokuwa pale walikuwa wamekiona kifuniko kile kikifunguka uani, Jumapili baada ya Jumapili, wakacheka wakashika mbavu. Sasa walitoroka. Mshonaji wa kuku alikuwa wa kwanza. Alipita juu ya ukuta wa matofali ambao hata vijana hawaupandi. Katibu wa chama alikimbilia nyumba ya watu asiowajua, akafunga mlango wao. Wabebaji walilitua jeneza chini vizuri kwanza, ndipo wakatoroka. Hilo naliandika kwa heshima yao. Barabara ikabaki na viatu. Tulikuwa watatu tuliosimama: Mama Chola, mimi, na Tshibangu, jicho kwenye kamera, anakaza ufunguo.

Nilichungulia. Kalenga alikuwa ametelezea miguuni, mkono wake umekwama penye komeo. Uso wake ulikuwa umegeuka upande, kama mtu anayesikiliza uongo.

Nilimrudisha mahali pake, nikamnyosha mkono, nikafunga kifuniko. Kikafunguka tena kidole kimoja, maana ardhi ilikuwa imeinama na bila patasi komeo halifungiki kwa nje. Hapakuwa na misumari. Hapakuwa na nyundo. Nilifanya lililobaki: niliketi juu yake.

Ndipo nilipotambua nimeketi wapi.

Sijui maneno yalitoka upande gani wa mwili wangu. Nilianza kwa sauti ndogo.

“Mbuzi wewe. Hata leo unatoboa zizi.”

Mama Chola aliinua macho.

“Umekula nyasi za Katuba zote,” nilisema, “umekula kuku wa mshonaji, umekula masikio yetu kwa makelele yako, na sasa unataka kutoka ukale na maua ya makaburi? Nani alikuambia wafu wanarudi kusahihisha? Lala. Nilikupima nikakupa nafasi ya mtu mnene, na wewe ukaja mwembamba, mwongo mpaka kwenye mabega.”

Katikati ya hayo nilisema mengi mengine, yasiyoandikika. Vichwa vilianza kutokea juu ya kuta. Mtu mmoja alicheka mahali nisipomwona, akajizuia, akashindwa. Kisha wengine. Walirudi mmoja mmoja kutafuta viatu vyao, wanacheka na kufuta macho, na mwanamke mmoja akaniletea kuku mzima, mweupe, kama inavyotakiwa. Tulilifunga jeneza kwa kamba ya mmoja wa waliotoroka, tukamzika.

Padri alirudi na mikanda ya kwanza. Mkanda wa barabarani ulikwenda na mtu mwingine, ukarudi kiangazi kilipokuwa kinaisha. Tshibangu alikata na kugundisha vipande, akaazima mashine ya kuonyeshea, na Jumapili moja mchana tulikusanyika katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama Chola alikaa upande wa wanawake, safu ya nyuma. Sikutegemea kumwona.

Hakuna kitu katika kazi yetu kinachomwandaa mtu kuona tulichokiona katika ukumbi ule. Kitambaa kilipata mwanga, na Kalenga akafungua jeneza, akaketi. Nilimzika mimi. Kamba nilishika mimi. Benchi lilianguka upande wa wanaume, watu kadhaa wakawa wamesimama tayari kutoroka mara ya pili. Kalenga alisema kitu. Midomo yake ilikwenda, beji ikang’aa, na hapakuwa na sauti, ila ya mashine. Akarudi kulala. Akatoka tena, akasema tena, bila sauti. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mbaya kuliko makaburini. Sinema yake yote ilikuwa inakwenda vile, bubu, mtu anayeongea na sisi hatumsikii, na Tshibangu alikuwa amekwisha kunyosha mkono aizime.

“Uongo,” ilisema sauti nyuma yetu. “Tulipigana na wewe juu ya kuku.”

Alikuwa Mama Chola. Alikuwa amesimama. Midomo ya Kalenga na sauti yake vilikwenda pamoja, havikuachana hata nukta.

“Alikuwa wako asubuhi.”

Mshonaji alicheka wa kwanza. Baada yake ukumbi wote. Mama Chola alisema maneno yote ya mumewe, moja moja, kila mahali yalipopaswa kuwa, bila kukosea. Hakucheka wala hakulia. Kila jioni Kalenga alipokuwa akiukabili ukuta, yeye alikuwa jikoni, na jikoni hakuna mlango.

Kisha ukaja mfereji, viatu barabarani, na mimi juu ya kifuniko, mdomo wangu unakwenda. Ukumbi ukanigeukia. Mama Chola alinyamaza. Nikasimama, nikasema maneno yangu, yote, na yale yasiyoandikika, nikimtazama yule mimi wa kitambaani asiyenitazama. Nilipofika kwenye mabega nilinyamaza, maana pale ndipo nilipoishia. Picha ilionyesha kifuniko tu, kimefungwa, na mimi juu yake. Nilidhani imekwisha.

“Chui,” alisema Mama Chola, kwa sauti ileile aliyosemea maneno ya mumewe, “umekawia. Nyama imepoa.”

Watu walicheka mpaka vumbi la dari likaanguka. Mimi nilikaa. Neno hilo halikuwa kwenye sinema. Kwenye picha hakuna aliyelisema. Nilimwuliza baadaye amelitoa wapi. Alisema Kalenga alilifanyia mazoezi pamoja na mengine, kila jioni. Alikuwa anafika kwenye sehemu yangu, ananyamaza kidogo ili niseme, kisha anajibu.

Mkanda ulikwisha, ncha yake ikawa inapiga piga mashine, kitambaa kikabaki cheupe. Mama Chola alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyekwenda kuondoa mablanketi.